Gharama: Hakuna

Jedwali la hatari lilikuja na safu sita:
hatari, uwezekano, athari, hatua, mhusika,
na gharama, nyembamba, pembeni kabisa.
Nilikaa nalo ofisini usiku, Makorora,
umeme ukikatika kila nilipofika kwenye malaria.
Vyandarua, nikaandika. Dawa. Namba za Bombo,
na namba ya pikipiki ya Shekiondo
endapo gari la wagonjwa halina mafuta.
Mapango ya Amboni: tochi mbili kwa kila watatu,
mtu wa mwisho kwenye mstari awe mimi.
Pasi za kusafiria: kabatini,
ufunguo shingoni mwangu, kama hirizi.

"Tahadhari kabla ya hatari," alisema mkuu wa shule,
akagonga muhuri bila kusoma.

Jumamosi wazazi wakaja na yao.
Baba Mbelwa alisimama, kofia mkononi:
huko Ufini, mwanangu akizidiwa,
nani atajua kwamba akinyamaza ndiyo analia?
Sikuwa na safu ya hilo.
Nikaandika ukingoni kwa penseli: *Mbelwa akinyamaza.*
Mwalimu Päivi akajibu kutoka kwao:
*Huku wote tunanyamaza. Nitamtazama mikono.*

Hatari namba kumi na moja ilikuwa ya Aino.
Miaka kumi na sita. Karanga.
Punje moja tu, barua ilisema, na koo linaziba.
Uwezekano: mdogo. Athari: kubwa mno.
Hatua: sindano mbili, moja kwake, moja kwa mwenyeji;
mwenyeji aelimishwe.
Mhusika: mimi.
Gharama: hakuna.

Nikaenda Barabara ya Kumi na Tatu kumwelimisha mwenyeji.
Bi Mwashamba alinisikiliza hadi mwisho,
akachukua sindano ya mazoezi, akalidunga papai
mara tatu, mkono haukutetemeka.
"Hata vumbi lake?"
Hata vumbi lake.
"Hata mafuta yaliyoganda kwenye kinu?"
Hata hayo.
"Haya. Mgeni njoo, mwenyeji apone."
Nikatia vyema kwenye kisanduku, nikapanda baiskeli yangu.

Siku ya tisa nilipita bila taarifa.
Aino alikuwa uani na Tatu, wanakuna nazi,
amekaa juu ya mbuzi kama anayeogopa atakimbia naye,
anacheka, vipande vya nazi kwenye nywele.
Salama, nikaandika.
Ndipo nikaona mahali pa kinu pana duara tupu ardhini,
na sinia kubwa la bati limeegemea ukuta,
kavu, buibui ameshaanza kazi kwenye ukingo.
Sinia la kashata.
Lile linalokaa kila asubuhi getini kwa shule yetu,
ambalo mimi mwenyewe nadaiwa shilingi mia sita.
Siku tisa nilikuwa nakunywa kahawa tupu
na sikujiuliza kwa nini.

Nilipouliza, alikuwa anapepeta mchele.
"Si wewe uliyesema hata vumbi?"

Mradi una fungu la dharura.
Fungu linataka risiti.
Kashata ambazo hazikupikwa, risiti yake anatoa nani?
Wenye fedha wakaniandikia: *Eleza kilichotokea.*
Nikawajibu: hakuna kilichotokea.
Hicho ndicho alichokilipia.
Hawajajibu.

Aino aliondoka Jumanne, macho mekundu, koo wazi.
Alhamisi sinia likarudi getini.
Nikalipa mia sita. Bi Mwashamba akahesabu,
akanirudishia kashata moja juu, kama siku zote,
na hapo ndipo niliposhindwa kumtazama.

Sasa ni zamu ya Mbelwa kusafiri.
Niko ofisini tena, jedwali jipya, umeme upo.
Mbelwa paka humtoa chafya hadi apumue kwa shida,
na nyumba atakayofikia ina paka.
Nimeshaandika *Hatua: paka aondo*
nikasimama katikati ya neno.
Nikamwandikia Päivi kwanza:
Huyo paka anaitwa nani?
Na usiku, analala miguuni pa nani?